Kazi Ilikuwa Mara ya Pili

Kuandikisha mgambo kwa mara ya kwanza hakukuwa na ugumu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, miaka ya sabini, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, uongozi wa kijiji ukanikabidhi daftari. Idi Amin alikuwa amepindua serikali ya Uganda Januari 1971, na mwezi uliofuata chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo uliotaka wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi. Kwetu neno hilo halikuhitaji mhubiri. Septemba 1972 ndege za Amin zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza mjini, na kila mwenye ndugu mjini alikuwa na lake la kusimulia. Balozi wa nyumba kumi akishapita kutangaza mafunzo, kesho yake vijana walikuwa mlangoni kwangu kabla kengele ya shule haijalia.

Mgambo hakuwa askari wa mshahara. Mkulima alibaki mkulima. Aliitwa, akafundishwa, akarudi kwake akiwa akiba ya Jeshi la Wananchi. Kwetu mafunzo yalipangwa kiangazi, pamba ikishauzwa. Alfajiri mchakamchaka na nyimbo, kisha kwata mpaka jua liwe kali. Bunduki zilikuwa za mbao, zimechongwa na seremala wa hapo hapo kijijini, na aliyeichekea bunduki ya mbao aliruka kichura. Za chuma zililetwa kutoka wilayani siku ya shabaha tu. Risasi zilihesabiwa zikitolewa, na maganda yakahesabiwa yakirudishwa. Nimewaona watu wazima, wengine wana wajukuu, wakipapasa majani kwa magoti jua likizama, wanatafuta ganda moja. Afande alisimama kimya, mikono nyuma. Hakuna aliyekula mpaka lilipopatikana.

Daftari lilianza kunisumbua wale wale walipotakiwa kurudi kwa mafunzo ya marudio. Kijana aliyeandikwa akiwa kapera sasa ana mke, ana mtoto, ana shamba la pamba na deni la mbegu. Wengine waliugua ghafla. Wengine walisafiri kwenda msibani, na msiba wenyewe ukawa hauishi. Asubuhi moja mama mmoja kijana alinifuata shuleni, mtoto mgongoni.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama. Habari za nyumbani?”

“Nzuri. Mwalimu, umemwandika mume wangu peke yake. Niandike na mimi, maana yeye akienda kwenye gwaride, shamba lote ni langu.”

Nikamuuliza kama anataka nimfute mumewe. Akasema hapana, aende tu. Alichotaka ni ijulikane.

Kuanzia hapo nililisoma daftari langu kwa jicho jingine. Kila jina la mwanamume lilikuwa na mtu nyuma yake ambaye hakuandikwa popote. Tulipata afande mmoja aliyelielewa jambo hilo bila kuambiwa. Mvua zikiwahi, alisogeza kwata jioni, na mgambo akiuguliwa nyumbani, aliwapeleka wenzake wakampalilie shamba, wakaimba nyimbo zile zile za mchakamchaka. Waliofundishwa naye walirudi. Aliyemfuata alikuwa mtu wa matusi, na katika muda wake wagonjwa waliongezeka kijijini bila zahanati kupata habari.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu yote ya kaskazini mwa mto Kagera, kisha yakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa redioni kwamba tutampiga. Hapo balozi hakuwa na haja ya kupita. Walikuja hata wale niliokuwa nimewakata kwa wino mwekundu, wakitaka majina yao yarudishwe. Lori lilipofika kuwachukua, wake zao walikuwa wameshafunga vifurushi vya unga na karanga. Mgambo kwa maelfu waliingizwa vitani pamoja na askari wa jeshi, polisi, Magereza na JKT. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuishambulia Mwanza. Bomu likakosa shabaha, likaua swala katika kisiwa cha Saanane. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Waliorudi walirudi kwenye nchi isiyo na sabuni wala sukari. Wapo walioomba kubaki jeshini moja kwa moja. Wapo ambao safu yao daftarini niliiacha wazi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niandike nini. Mwito wa marudio ulipotoka tena, waliojitokeza walihesabika kwa vidole. Watu wakasema wamechoka kulinda. Mimi sikukubali. Bunduki zilizozagaa baada ya vita ziliwapa nguvu wezi wa ng’ombe, na miaka ya themanini ilipoanza, Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini waliozuka Shinyanga na Tabora, wakafika kwetu pia. Waliokuwa mbele usiku, na upinde mkononi, walikuwa mgambo wangu wa zamani. Ng’ombe walikuwa wao, na mke aliyebaki nyumbani alijua vizuri wamefuata nini.

Leo wengi wanaoomba mafunzo ya mgambo wanataka cheti, kwa kuwa ajira ya ulinzi inakidai. Siwalaumu, maana njaa nayo ni sababu. Ila nikisikia viongozi wakilalamika kwamba waliofundishwa hawaitiki wakiitwa tena, huwauliza swali moja: walipomwita mtu, nyumbani kwake walimwachia nani jembe, na huyo aliyeachiwa walimwambia nini?