Maumivu ya Alfajiri

Kwa miaka miwili nilificha jambo. Alfajiri za baridi hapa Mbulu niliamka kifua kimebana kama kimefungwa kamba, jasho likinitoka. Baada ya dakika chache kiliachia. Mchana nililima na kuchota maji bila shida, basi nikasema ni gesi tu. Baba watoto sikumwambia, nisimwongezee mzigo.

Usiku mmoja binti yangu alinikuta sakafuni. Nikalazwa Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Mchana kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu. Maumivu yaliporudi alfajiri, wakapima tena, tatizo likaonekana. Daktari alinieleza kwamba utando wa ndani wa mshipa wa moyo hutoa kitu cha kuulegeza mshipa. Utando ukidhoofika, mshipa waweza kujikaza ghafla na kuzuia damu, hata mtu akiwa amelala. Baridi, mahangaiko na moshi wa sigara huchochea hali hiyo.

Sasa natumia dawa ya kulegeza mishipa, na baba watoto ameacha sigara.

Dada mpendwa, kunyamaza si uvumilivu. Mwambie mwenzako, uende hospitali mapema. Kuutunza mwili nako ni kumshukuru Mungu.