Siku Tatu za Kungoja Meli

Wahenga walisema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa shuleni kwa nia ya kuhimiza kazi na kuukemea uvivu, na mimi mwenyewe niliijibia hivyo katika mtihani wa sekondari nikapewa alama zangu zote. Maana yake nyingine nilikuja kuipata ukubwani, mjini Kigoma, mwezi wa Julai mwaka 2013, mimi na mke wangu tulipokuwa tukingoja meli ya Liemba.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Wampembe, kusini mwa Ziwa Tanganyika, kulizuru kaburi la mama mkwe wangu. Marehemu alifariki mwaka 2002, nami sikwenda kumzika. Nilimwambia mke wangu kuwa ofisi imeninyima ruhusa. Alifunga mzigo wake akaenda peke yake, akarudi baada ya majuma manne, na tangu hapo jambo hilo halikutajwa tena nyumbani mwetu. Ndugu msomaji, kweli ni kwamba ruhusa hiyo sikuiomba. Siku zile nilikuwa nikitazamia kupandishwa cheo, na nikaona kuwa mtu anayetaka kupanda hafai kuonekana kiti chake ki wazi.

Treni ilitufikisha Jumapili, na meli ilikuwa ing'oe nanga Jumatano alasiri. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa juu ya mji ule, nilijipa cheo cha kiongozi wa msafara, nikashika daftari mkononi. Mke wangu alinifuata kimya.

Nilianzia stesheni, nikamweleza kuwa reli ya kati ilifika hapo mwaka 1914, na kwamba meli tuliyokuwa tukiingoja iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa hadi Kigoma kuunganishwa upya. Iliingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isiwaangukie adui zao, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

"Liemba ndilo jina la ziwa," mke wangu alisema. "Wazee wa kwetu kusini waliliita hivyo."

Nililiandika neno hilo daftarini kana kwamba nimelivumbua mimi.

Usiku ule haukuwa na mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hawapendi mbalamwezi, maana taa zao hushindwa kuwavuta samaki maji yanapokuwa meupe. Lakini giza likiwa nene, ziwa zima huwaka. Tulisimama ukingoni tukitazama taa zile zikitandaa hadi upeo wa macho, hata ungedhani kuna mji wa pili juu ya maji, mkubwa kuliko huu wa nchi kavu. Nilijaribu kutunga ubeti mmoja, vina vikakubali, mizani ikakataa, nikaacha. Mke wangu alikuwa akizihesabu taa kwa kidole, kama mtoto. Nilimwuliza zimefika ngapi, akasema, "Safari ile sikuweza kuzihesabu." Sikumwuliza kwa nini.

Jumatatu tulikwenda Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo nane. Tulipita kwenye jiwe la ukumbusho la Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Zamani maji yalikuwa karibu. Sasa ziwa limejivuta likaliacha jiwe nchi kavu, chini ya miembe. Nakiri kuwa nililitazama kwa uvivu. Wageni wawili wameamkiana, wamejengewa ukumbusho. Wenyeji waliokuwa wakiamkiana hapo kila alfajiri kwa vizazi vingi hawakujengewa kitu. Tena, miongoni mwa waliosimama ukingoni hapo kungoja msafara, wengi hawakuwa wasafiri kwa hiari yao. Walivushwa kutoka upande wa pili wa ziwa wakiwa wamefungwa, wakaingizwa katika njia ile ndefu ya kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Atakayeusifu mji wa Ujiji kwa baraza zake, kofia zake na Kiswahili chake cha siku nyingi, na asilisahau hilo. Lugha tunayojivunia ilisafiri katika njia hiyo hiyo moja, pamoja na pembe na minyororo.

Nilikuwa katikati ya maelezo hayo mke wangu aliponiacha. Alikata kichochoro, akapita msikiti, akasimama mbele ya nyumba moja ya udongo yenye baraza pana. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi akichambua mchele. Mke wangu alipiga magoti akamwamkia, "Shikamoo, mama." Yule bibi aliinua macho, akamtazama kitambo, kisha akasukuma ungo kando.

"Marahaba, mwanangu. Leo hukuja peke yako."

"Sikuja peke yangu, mama. Huyu ndiye mume wangu."

"Karibu, bwana mkwe," alisema, akanikagua kuanzia viatu hadi kofia. "Tumekungoja miaka mingi."

Ndipo nilipoambiwa. Mwaka 2002 mke wangu alifika Kigoma akakuta meli imekwisha ondoka, na nyingine isingeondoka upesi. Fedha zake hazikumtosha kukaa nyumba ya wageni siku zote hizo. Bibi huyu alimkuta sokoni amejiinamia, akamwuliza lililomsibu, akamchukua kwake. Usiku ule ule alitandika majamvi barazani, akawaita majirani zake wanawake, wakaja kukaa matanga. Walikuwa Waislamu, na mfiwa Mkristo. Marehemu hawakumjua kwa jina wala sura, na alikuwa amekwisha zikwa mbali nao. Hata hivyo walilala naye barazani, wakampikia uji, na waliojua kulia wakamliza. "Msiba haungoji meli," bibi alinieleza, kana kwamba ananielekeza njia ya sokoni.

Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika neno.

Siku ya tatu, Jumanne, bibi alituagiza twende mapema. Mitumbwi ilikuwa imerudi na dagaa wa usiku, na kila mwenye mikono alihitajika kuwaanika kabla jua halijawa kali. Mke wangu alijifunga kanga kiunoni. Mimi nilipewa ndoo. Kina mama walicheka sana walipomwona mtumishi wa serikali akitembea mchangani kama kuku aliyelowa, na mmoja aliuliza kama huko ofisini huanika karatasi tu. Kazi ile ina ustadi wake: dagaa hawamwagwi, hutandazwa kwa mkono mwepesi ili wasilaliane, na baadaye hugeuzwa. Hadi adhuhuri mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu tufike hapakuwa na mtu aliyeniita mgeni.

Jumatano tulipanda meli. Gatini palijaa mizigo, na Kiswahili cha kila namna: cha Pwani, cha Waha, na kile cha ndugu zetu wa Kongo chenye maneno ya Kifaransa ndani yake. (Baada ya safari yetu Liemba ilikuja kusimama miaka kadhaa ikisubiri matengenezo, nami hushukuru kuwa tuliiwahi.) Tulipata nafasi penye kivuli juu ya sitaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha, lakini yote yalinitoroka, nikabakiwa na machache.

"Mwaka ule," nilisema, "sikuomba ruhusa."

Mke wangu hakugeuka. Alikuwa akitazama mlima ulio juu ya bandari.

"Nilijua," alisema. "Nilipokuwa naondoka mkubwa wako alikuja nyumbani kunipa pole. Aliniuliza kwa nini mwenzangu hasafiri nami, wakati ruhusa ya msiba haimshindi mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Honi ililia, kamba zikafunguliwa, gati likaanza kujitenga nasi polepole. Sikupata la kujibu, wala yeye hakulitaka. Baadaye alinipa kifurushi cha dagaa alichopewa na yule bibi kwa ajili ya watu wa Wampembe, akaniambia nikifunge vizuri kwa kamba, kwa kuwa kule hakuna gati, na kutoka melini tutashukia mtumbwini.