Konokono wa Lamboni na Wajibu wa Kueleza

Nilipokuwa mtoto Somanda, mvulana aliyekojoa damu hakupelekwa zahanati. Wakubwa walicheka wakasema sasa amekuwa mwanamume. Binamu yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alicheka pamoja nao, nami nikamwonea wivu. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukaoga katika lambo moja. Alipofikia umri nilio nao leo, alifariki kwa saratani ya kibofu. Inajulikana kuwa kichocho cha mkojo kisichotibiwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani hiyo. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua. Naweza kuapa tu kwamba hakuna aliyemweleza ile damu ilikuwa nini.

Theodor Bilharz aliwagundua minyoo wa kichocho huko Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha, huko huko Misri, kwamba hawamfikii binadamu bila kupitia konokono wa maji baridi. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, na vijidudu humwingia konokono, huongezeka ndani yake, kisha hutoka kwa wingi kutafuta ngozi ya mtu.

Likizo iliyopita nilihudhuria mkutano wa mtaa. Taarifa iliyosomwa ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu lambo: "Konokono wapo." Nikasimama kuikosoa kwa ujasiri wa mtu mwenye shahada ya uzamivu. Konokono gani? Shikeni ganda, nikasema, ncha ikiwa juu na mdomo ukiwaelekea. Kwa konokono wengi mdomo huwa kulia. Kwa jenasi ya Bulinus, wabebao kichocho cha mkojo, huwa kushoto. Wale wa kichocho cha utumbo, Biomphalaria, ganda lao ni bapa kama kamba iliyoviringwa chini. Nikapigiwa makofi.

Kesho yake asubuhi binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuja na kopo, amevaa mabuti na glavu.

"Shikamoo, baba mdogo. Hawa wote mdomo uko kushoto. Lakini hawa wana mlango."

Nikatazama. Baadhi yao walikuwa na kifuniko kigumu kinachoziba mdomo wa ganda mnyama anapojivuta ndani. Bulinus hana kifuniko. Wale walikuwa Lanistes, ambao ganda lao nalo hufunguka kushoto, lakini hawaenezi kichocho. Kipimo nilichowapa watu kilikuwa cha kweli, ila hakikutosha. Na kwa kipimo hicho tungeweza kuhesabu wasiohusika na kumwaga dawa mahali pasipostahili. Tena, hata akiwa Bulinus halisi, ganda halisemi kama ameambukizwa. Sharti awekwe katika maji safi kwenye mwanga, kisha maji hayo yachunguzwe kwa hadubini.

Nawaandikia hasa ninyi wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, kwa kuwa sote tunaishi kwa maelezo. Mwandishi wa ile taarifa hakusema uongo, wala mimi sikusema uongo. Yeye aliona kutaja kunatosha. Mimi niliona alama moja inatosha. Bajeti, dawa na maji safi hufuata kile kilichoandikwa, na kisichoandikwa hubaki mzaha wa wakubwa mbele ya mtoto anayekojoa damu.

Nilirudi kwa wazee wa mtaa nikawaambia nilikosea. Taarifa mpya tuliiandika na binti yule: konokono wa aina gani, wangapi, upande upi wa lambo, umbali gani kutoka mahali watoto wanapoogea. Sentensi ya mwisho ni yake, nami sikuigusa. Inasema kwamba wavulana wanne wamekiri kuona damu katika mkojo, kwamba hiyo si dalili ya kukua, na kwamba wanapaswa kupelekwa zahanati wiki hii kupimwa na kupewa prazikwanteli.