Siku 84 za Mtoto wa Miezi Saba

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Morogoro, Machi 1991, mimba ikiwa na wiki 30. Siku hizo tulisema mtoto wa miezi saba. Neno njiti nilikuja kulizoea baadaye. Alikuwa na kilo moja na robo. Muuguzi alimviringisha pamba, akamzungushia chupa za maji ya moto, akaniambia, "Mama, huyu anataka joto na maziwa yako." Nikawa nakamua kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, usiku na mchana. Tulitoka wodini siku ya 47.

Kiwandani nilikokuwa nafuma vitambaa, hesabu ilikuwa imeanza siku niliyojifungua. Sheria ya wakati ule ilitoa siku 84 zenye mshahara, mara moja kila miaka mitatu. Zaidi ya nusu yake niliimalizia kitandani hospitali. Niliporudi kwenye mashine yangu siku ya 85, mwanangu, kwa hesabu ya mimba, ndiyo kwanza angekuwa na wiki mbili duniani.

Nilikuwa nimemwomba msimamizi aniongezee mwezi mmoja, hata bila mshahara. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Dada, nikikuongezea wewe, kesho watakuja wote." Ikifika saa nne maziwa yanachuruzika. Nilikunja kipande cha khanga nikakiweka ndani ya blauzi, juu nikafunga aproni. Saa sita mama mkwe wangu alimleta mtoto getini, nikamnyonyesha chini ya mwembe mpaka king'ora kilie. Chakula changu nilikula nimesimama, siku nyingine sikula.

Ilipokuja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Niliwasomea wasichana kifungu cha 33 neno kwa neno. Mama anayenyonyesha apewe hadi saa mbili za kazi kwa siku. Aliyejifungua mapacha apate siku 100. Asirudishwe kazini kabla ya wiki sita, ila daktari akiridhia. Wasichana walipiga vigelegele, nami pia. Lakini usiku nilikirudia kifungu kile nikimtafuta mtoto wa miezi saba, sikumwona. Sheria ilimkumbuka hata mama anayefiwa na mtoto ndani ya mwaka, ikampa siku 84 nyingine, na ni haki yake. Aliyekuwa akipigania mtoto wake aishi hakupewa hata siku moja ya ziada.

Ilichukua miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na sasa mama wa njiti anaongezewa muda kwenye likizo yake. Nilipoisikia habari hiyo redioni niliacha kuchambua mchele, nikampigia simu mwanangu. Ana miaka thelathini na ushee, ni fundi umeme, na sauti yake ni nzito kuliko ya baba yake.

Wewe binti uliye na mimba na ajira, sheria inataka umpe mwajiri taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Usingoje tumbo likue. Peleka taarifa hiyo mapema, na nakala yake ubaki nayo. Mtoto akija kabla ya siku zake, mwambie daktari aandike umri wa mimba kwenye cheti, maana siku zako za nyongeza zinaanzia hapo.