DJ mtu mzima na masikio ya vijana

Mwalimu mlezi wa bweni katika shule ya Shrewsbury, Uingereza, aliwahi kuandika kwenye ripoti ya mwanafunzi wake kwamba huenda kijana yule akapata riziki ya ajabu kutokana na kupenda santuri zisizosikilizika na kuandika insha ndefu za mzaha. Mzazi mwingine angeipokea ripoti hiyo akiwa na fimbo mkononi. Lakini mwalimu aliona mbali. Kijana huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama John Peel, DJ wa muziki wa roki aliyekuwa BBC Radio 1 tangu ilipofunguliwa Septemba 1967 hadi alipofariki Oktoba 2004.

Hiyo ni miaka 37. Mtoto huzaliwa, akasoma, akaoa na kupata watoto wake ndani ya muda huo. Wenzake walioanza naye waliondoka mmoja mmoja, yeye akabaki, mara nyingi kwenye vipindi vya usiku, saa ambazo wazazi wamelala na kijana yuko macho chumbani na redio yake.

Watu hudhani DJ analipwa kwa kuongea. Peel kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Bendi za vijana ambazo hakuna aliyezijua zilimtumia kanda, naye alizisikiliza nyumbani na ndani ya gari, rundo baada ya rundo. Zilizomvutia zilialikwa kurekodi nyimbo chache kwenye studio za BBC, na mwisho wa yote rekodi hizo zilizidi 4,000.

Muziki wa punk ulipoingia mwaka 1976, Peel alikuwa anaelekea miaka 40, umri ambao wazazi wengi huanza kusema nyimbo za siku hizi ni kelele tu. Baadhi ya wasikilizaji wake wa zamani walilalamika. Yeye akaendelea kuupiga. Mwaka 1978 alipiga "Teenage Kicks" ya The Undertones, vijana wa Derry huko Ireland Kaskazini, ulipokwisha akaupiga tena hapohapo. Ni aliyekwisha kusikia maelfu ya nyimbo ndiye huthubutu kufanya hivyo. DJ mgeni angeogopa bosi.

Programu ya simu humletea mtoto wimbo unaofanana na ule alioupenda jana. Peel alimletea asichokijua: roki, kisha rege, kisha magitaa ya Bhundu Boys kutoka Zimbabwe. Alipotimiza miaka 50, Four Brothers, Wazimbabwe vilevile, walitumbuiza kwenye sherehe yake. Na alikosea sana. Aliweka santuri kwa kasi isiyo yake, akakiri, akaanza upya. Pengine kuna vijana ambao hawakuwa wamewahi kumsikia mtu mzima akikosea bila kumfokea mtu.

Utotoni baba yake mwenyewe alikuwa mbali, askari vitani. Labda ndiyo maana mambo ya nyumbani yalimgusa. Mwaka 1998 alianza kuongoza Home Truths, kipindi cha Jumamosi asubuhi cha BBC Radio 4 kilichosimulia maisha ya familia za kawaida, pamoja na vituko vya nyumbani kwake. Alikuwa na watoto wanne, na wote aliwapa jina la katikati lililotoka Liverpool: Anfield, Dalglish, Shankly. (Mashabiki wa timu hiyo hapa kwetu wasichukue wazo hili kabla ya kumuuliza mama wa mtoto.) Waliokuwa vijana alipoanza vipindi vya usiku sasa walikuwa wazazi, na sauti ileile iliwafikia wakiwa mezani na watoto wao, wakinywa chai.

Mwaka 2001 aligundulika kuwa na kisukari aina ya pili, ugonjwa unaoongeza hatari ya maradhi ya moyo. Hakuuficha. Miaka mitatu baadaye alikuwa safarini na mkewe mjini Cusco, Peru, alipopatwa na mshtuko wa moyo na kufariki, akiwa na miaka 65.

Aliacha kitabu cha maisha yake kikiwa hakijakamilika. Mkewe, Sheila, na watoto wao wakakimalizia, kikachapishwa mwaka 2005.