Mbwa na Achari Wenye Jina Moja

Kuna neno moja ambalo limenikaa moyoni siku nyingi, nalo ni chow-chow, ambalo hutamkwa chauchau. Ukilitafuta katika kamusi ya Kiingereza utaona kuwa ni jina la mbwa wa Kichina. Ukishuka mistari michache utaona kuwa ni achari. Bwana mmoja niliyefanya naye kazi ofisini, alipoonyeshwa maana hizo mbili, aliuliza kama achari hiyo yatiwa nyama ya mbwa. La, haitiwi.

Asili ya neno ni bandari ya Canton, kusini mwa China. Tangu mwaka 1757 hata 1842, karibu biashara yote ya Wazungu waliokuja kwa bahari ilifungiwa huko, na Wachina walikatazwa kuwafundisha lugha yao. Basi ikazuka lugha ya sokoni, Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na ndani yake chow-chow likawa neno la chakula, na tena la mchanganyiko wowote. Tangawizi na maganda ya machungwa katika shira yaliitwa hivyo; shehena ya vikorokoro ambavyo karani hakutaka kuvitaja kimoja kimoja iliitwa hivyo pia. Wengi huamini kuwa mbwa naye alilipata jina lake humo, katika vikorokoro.

Naye si mnyama wa kudharauliwa. Shingo yake ina manyoya mengi kama simba, na ulimi wake ni wa buluu iliyokolea, ingawa mtoto wake huzaliwa na ulimi mwekundu. Kwao aliwinda, akalinda nyumba, akavuta mizigo. Mwingereza Gilbert White, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliandika habari za mbwa wawili walioletwa kijijini kwake kutoka Canton, akautaja ulimi huo wa buluu. Wachina wenyewe humwita songshi, yaani simba wa manyoya yaliyofumka. Jina analo, tena zuri. Aliyempakia melini hakuuliza.

Jambo hili silioni la mchezo. Marehemu baba yangu aliandikwa katika kipande chake jina ambalo nyumbani hapakuwa na mtu aliyemwita. Karani alisikia alivyosikia, akaandika, na sisi watoto tukalirithi. Leo limo katika vyeti vya wajukuu. Pwani nako, kitambaa cha pamba walichokileta Wamarekani Unguja katika karne ya 19 kiliitwa marekani, na jina likabaki hata kilipofumwa kwingine. Lakini kitambaa hakina mama wa kukipa jina.

Achari, kwa upande wake, yastahili jina lake kabisa, maana ni mchanganyiko kweli. Huko Marekani, hasa Pennsylvania na majimbo ya kusini, wakulima huitengeneza mwisho wa msimu, kabla baridi ya kugandisha haijaharibu mboga zilizosalia shambani. Nyanya zisizoiva, kabichi, vitunguu na pilipili hoho hukatwakatwa, hutiwa chumvi na kulazwa usiku kucha. Asubuhi maji humwagwa, kisha huchemshwa kwa siki, sukari, haradali na manjano, na kutiwa katika chupa zilizochemshwa. Huliwa na maharagwe, na sisi maharagwe tunayo.