Siku ya Mwisho Manila

Vijana wapendwa, mara nyingi mmetuomba tuwasimulie safari yetu ya Ufilipino, nasi kila mara tumewasimulia ndege, bahari na wingi wa watu. Siku ya mwisho hatukuigusa. Leo tunaigusa.

Tulikuwa watatu: mwalimu, muuguzi na fundi seremala. Tulikulia barabara moja huko Kadutu, mjini Bukavu, pamoja na wa nne ambaye baadaye aliitikia wito akawa mmisionari. Wamisionari wa Scheut walifika Kongo mwaka 1888, na Ufilipino mwaka 1907. Kwa njia hiyo mtoto wa Kadutu amejikuta akihubiri Injili kwa watu wanaokula wali asubuhi, mchana na jioni. Alipokaribia kutimiza miaka 25 ya upadri alituita. Tukaweka akiba kwa likelemba miaka kadhaa, na mwezi wa nane mwaka 2019, shule zikiwa zimefungwa, tukavuka Ruzizi, tukaenda Kigali, tukabadili ndege Addis Ababa, hata tukashuka Manila penye joto na mvua.

Fedha zetu zote zilikaa katika mfuko mmoja wa kitenge alioushona muuguzi. Mlinzi wa mfuko alikuwa mwalimu, yaani huyu anayeshika kalamu. Kazi hiyo tuliipenda kupita kiasi. Kila usiku tulihesabu, tukaandika, tukahesabu tena.

Basi asubuhi ya siku ya mwisho, jubilei ikiwa imekwisha na kesho yake tukiwa wa kuondoka, fundi alikuja mezani, akasema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, nipatie peso mia tano.»

Tukamwuliza, za nini? Akanyamaza. Tukamwuliza tena. Akasema, «Nina haja nazo.» Ndipo tukamjibu kwamba mfuko ni wa wote, kwamba haja isiyo na jina haina hesabu, na kwamba tangu ujana wake mkono wake unavuja. Hilo la mwisho lilikuwa na historia yake, maana miaka mingi nyuma fundi alipoteza fedha za mbao za watu, akazilipa kwa taabu, na hakuna aliyekuwa akimkumbusha. Tunaandika «tulimjibu», lakini ukweli ni kwamba jibu lilitoka katika kinywa kimoja. Muuguzi aliinamia kikombe chake. Padri alikwenda kutafuta mwavuli ambao ulikuwa mlangoni, mbele ya macho yake.

Tukatoka hivyo, kila mmoja na ukimya wake.

Tulipanda jeepney. Ni lazima tuwaeleze gari hili. Baada ya vita vya pili vya dunia, jeshi la Marekani liliacha huko magari yake mengi madogo, na mafundi wa Manila wakayarefusha, wakayaezeka, wakatia viti viwili virefu vinavyotazamana, kisha wakayapaka rangi zote wanazozijua. Hakuna konda. Abiria aliye nyuma hutoa nauli, husema maneno mawili ya adabu, na kumpa jirani. Jirani humpa jirani, hata fedha imfikie dereva. Chenji hurudi kwa mikono ileile. Siku hiyo noti yetu ilipita kwa mwanafunzi, kwa mama aliyebeba samaki, kwa mzee aliyesinzia, ambaye aliipokea na kuipitisha bila kufungua macho vizuri. Tuliisindikiza kwa jicho mpaka mwisho. Chenji ikarudi kamili, nasi tukaihesabu. Muuguzi alituona tukihesabu.

Padri alitupeleka Intramuros, mji wa kale uliozungushiwa kuta. Wahispania waliitwaa Manila mwaka 1571, wakajenga ngome ya mawe kando ya mto Pasig, na kutoka hapo merikebu zao zilivuka bahari hadi Acapulco kwa miaka zaidi ya 200, zikipeleka hariri ya China na kurudi na fedha ya Mexico. Ndani ya kuta hizo kuna kanisa la San Agustin, lililokamilika mwaka 1607. Matetemeko mengi yamelipitia, nalo limesimama.

Fundi aliingia akitazama juu. Dari lote limejaa maua, mihimili na mapambo, kana kwamba watu mia walichonga mwaka mzima. Akasimama chini yake, shingo imekunjika, akawa anatafuta mahali ambapo mbao zimeungana. Alitafuta sana. Mwishowe padri akamwambia kwamba hakuna kilichochongwa: ni rangi tu juu ya dari laini, kazi ya Waitaliano wawili waliopaka mwaka 1875. Fundi aliangua kicheko ndani ya nyumba ya Mungu, akajifunika mdomo, na muuguzi akacheka, nasi tulikaribia kucheka. Lakini yeye alipogeuka na kutuona, kicheko kikamtoka usoni.

Kutoka pale tulitembea hadi Fort Santiago. Humo alifungwa José Rizal, daktari wa macho na mwandishi wa riwaya, ambaye maandishi yake yaliwachoma watawala. Nyayo za shaba zimepandwa ardhini kufuata hatua zake za mwisho, tangu gerezani, alipokwenda kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Nyayo zenyewe ni ndogo. Alikuwa na miaka 35. Sisi Wakongo watatu tulitazamana, maana umri huo tunaujua: Lumumba naye alikuwa na miaka 35 alipouawa Katanga, tarehe 17 Januari 1961.

Padri akatueleza kwamba Rizal alizikwa kwa siri katika makaburi ya Paco, kaburi halina jina. Dada yake alilitafuta mpaka akalipata, akaweka alama ya herufi za jina la ndugu yake zikiwa zimegeuzwa kinyume, ili adui asitambue. Baadaye, mwaka 1912, mifupa ikahamishiwa chini ya mnara wake mkubwa uliopo hata leo. Wa kwetu, ninyi vijana mnajua, mwili wake waliuyeyusha kwa asidi, na jino moja likarudi kutoka Ubelgiji mwaka 2022.

«Huyu angalau dada yake alipata mahali pa kuandika,» alisema fundi. Hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa akizitazama nyayo.

Mvua ilianza, ikakoma, ikaanza tena. Tulikuwa tumechoka na tulidhani tunarudi nyumbani, lakini padri akatupitisha kwenye uwanja mdogo kati ya majengo. Pale kuna sanamu: mama aliyefunikwa kichwa amempakata mtoto aliyekufa, na miguuni pake na pande zote watu wameanguka. Ilizinduliwa Februari 1995, kwa ajili ya waliokufa Manila miaka 50 kabla yake. Mwaka 1945, tangu tarehe 3 Februari kwa muda wa mwezi mmoja hivi, jeshi la Japani na la Marekani walipigana ndani ya mji huu. Raia wapatao 100,000 walikufa, wengine kwa kuchinjwa na askari wa Japani, wengine kwa mizinga ya Wamarekani waliokuja kuwakomboa. Intramuros yote ikawa kifusi. San Agustin ikabaki karibu peke yake. Sanamu ile haina orodha ya majina. Imewekwa kwa ajili ya wale waliotupwa katika kaburi la pamoja, na wale ambao hata hilo hawakulipata.

Mnamfahamu fundi huyu, ingawa hatumtaji. Baadhi yenu mmekalia viti vyake kanisani. Alikuwa na mdogo wake. Mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu, kijana huyo wa miaka 19 alikimbia na kundi la watu kwa njia ya Bunyakiri, akamwahidi mama yake kwamba atarudi kabla bugali haijapoa. Hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa, hakuna aliyemwona akiwa hai. Mama alimwekea sahani kila jioni mpaka naye akafariki. Familia haikufanya matanga, kwa sababu matanga bila mwili yangekuwa kama kumfukuza.

Usiku uliotangulia, padri alikuwa amemsimulia fundi habari za sanamu hii, wakiwa wawili nje, sisi tukihesabu fedha ndani. Na pembeni mwa makanisa ya Manila watoto na akina mama huuza mashada ya yasmini nyeupe, waiitayo sampaguita. Fundi alitaka mashada na mshumaa, anunue mwenyewe, bila kueleza mezani kwa nini, kwa kuwa angeeleza angelia, na mtu wa miaka hamsini hapendi kulia juu ya chai.

Hayo hatukuyajua. Tulimwona tu akisimama mbele ya sanamu, mikono mitupu, akiifungua na kuifunga kama mtu aliyesahau chombo chake cha kazi. Muuguzi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimwita mtoto aliyekuwa akiuza, akatoa fedha zake alizokuwa ameficha kwa ajili ya zawadi ya wajukuu, akachukua mashada yote. Fundi aliyapokea, akayalaza moja moja. Alitaja jina la mdogo wake kwa sauti. Tangu 1996 hatukuwa tumemsikia akilitaja.

Tulifungua kinywa kumwambia neno, neno likakosa. Tukamvua mwalimu mfuko ule wa kitenge shingoni, tukamtia fundi mkononi. Alitaka kuukataa, kisha akauvaa. Haujarudi tena kwetu; umetundikwa kwenye msumari katika atelie yake, na likelemba yetu hutunzwa humo.

Jioni tulipanda jeepney tena, watu wamejaa, mvua inapiga bati. Msamaha tuliuomba humo, kwa sauti ndogo, na mngurumo wa injini ukameza nusu yake. Tulikuwa tumekaa upande wa dereva, fundi upande wa mlango. Hatujui alisikia nini. Alizama katika mfuko, akatoa noti, akanyosha mkono kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka ikatufikia.

«Pitisha nauli, Mwalimu,» alisema.